Mgawa Maji na Shule Mbili

Kwa miaka kumi na mmoja Hezroni alikuwa akiwajibu watu kwa maneno yaleyale matatu, na hakuna aliyewahi kudhurika kwayo mpaka mwaka ambao mwanawe alimaliza darasa la saba. Maneno yenyewe yalikuwa haya: "Zamu yako ipo."

Yalikuwa maneno ya kazi. Juu ya makazi yao kule Mhezi kuna ndiva, bwawa la udongo ambalo kijito hulijaza usiku kucha, na asubuhi hufunguliwa ili maji yateremke kwenye mfereji mpaka kwenye mashamba ya maharage na kabichi. Hezroni alikuwa katibu wa kamati ya ndiva hiyo. Yeye ndiye aliyeandika nani anamwagilia siku gani, na katika miezi ya ukavu yeye ndiye aliyegongewa mlango na watu wenye jembe begani na hasira usoni. Hakuwa akibishana nao. Alifungua daftari, akateremsha kidole kwenye majina, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Zamu yako ipo." Wakati mwingine zamu yenyewe ilikuwa siku tisa mbele, lakini mtu alikuwa amekwisha kusikia kwamba hakusahauliwa, naye aliteremka kilima akiwa amepoa. Hezroni hakumbuki hata siku moja aliyomwambia mtu hapana. Mwenyekiti wa kamati alipenda kusema kwamba tangu Msomi ashike daftari, majembe yamerudi kulima ardhi.

Hilo jina la Msomi lilimfuata tangu aliporudi. Alikuwa na shahada ya jiografia, na kwa miaka kumi na miwili alifanya kazi katika mradi wa maji wenye magari meupe na ripoti nene. Mradi ulipoisha, wafadhili waliondoka na magari yao, naye akarudi mlimani na mkewe Careen, akiwa na umri wa miaka arobaini na maboksi mawili ya vitabu. Mpaka leo hajajua kama wanaomwita Msomi wanamheshimu au wanamhurumia. Yeye mwenyewe, anapokaa peke yake, hujiuliza kama shahada ile haikupewa mtu asiyestahili, maana yale aliyoyasoma kuhusu maji hayakumsaidia kama yalivyomsaidia maneno yake matatu.

Careen alifariki mwezi wa Februari, baada ya ugonjwa wa wiki tatu. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa kucheka kwa sauti na kusahihisha sarufi ya wageni. Siku ya mazishi watu walimtazama Hezroni wakingoja, naye aliwapa wote mkono, akashukuru kwaya, akahakikisha wazee wamepata viti. Hakulia. Siku ya tatu alikaa mezani akaandika orodha ya zamu za mwezi mzima, na alipomaliza aliutazama mwandiko wake. Ulikuwa umenyooka. Hapo ndipo alipoogopa kidogo, kisha hata uoga wenyewe ukamtoka. Yeyote aliyewahi kuukalia mguu mpaka ukafa ganzi anajua hali ile: unaugusa, unauona ni wako, unaukanyagia na unakubeba, lakini haukwambii kitu. Hezroni alikuwa hivyo mwili mzima. Aliamka, alikamua ng'ombe, alipika makande, aliuliza kama Eliezeri ameshaoga. Siku zilikwisha.

Eliezeri alikuwa mtoto wao pekee, mwenye miaka kumi na minne, mrefu kuliko rika lake na mzito wa kusema. Karo yake ya sekondari haikuwa jambo la kumsumbua mtu. Careen alikuwa ameiweka pembeni kwa miaka mingi katika chama cha akiba cha walimu, kwa sababu aliapa kwamba mtoto wake hatasoma katika darasa la watoto tisini. Alichotaka ni shule ya binafsi, ya bweni, yenye walimu wa sayansi. Ni ipi, hakusema. Kila alipoulizwa alijibu kwamba bado wana muda.

Wapo waliosema kwa niaba yake. Wa kwanza alikuwa Raheli, dada mkubwa wa Hezroni, mwenye duka la jumla Same mjini. Yeye alipiga simu mwezi wa Mei.

"Hezroni, nimeulizia Safina," alisema. "Ile ya kwenye barabara kuu. Watoto wanazungumza Kiingereza mpaka kwenye foleni ya uji. Na Jumapili ya matembezi atakuwa anakuja kula kwangu. Nimwandikishe?"

Hezroni alikuwa amesimama jikoni akitazama moshi unavyotafuta njia kwenye paa. Swali lilimfikia kama linavyomfikia mtu aliye chumba cha pili. Akajibu kwa mazoea.

"Zamu yako ipo, dada."

Raheli alicheka, akasema kaka yake amekuwa mtu wa maji kabisa siku hizi, akakata simu akiwa ameridhika.

Wa pili alikuwa Melkizedeki, kaka wa marehemu Careen, mwinjilisti wa Gonja, mtu aliyezoea kuhubiri bila kipaza sauti na asiyejua kuipunguza sauti yake hata akiwa mezani. Yeye alikuja mwenyewe, kwa miguu, mwezi wa Juni, akiwa na kuku wawili.

"Shemeji, mtoto wa dada yangu atasoma Ebeneza," alisema. "Ni shule ya kanisa, wanamjua Mungu, na mkuu wa shule amesoma na Careen. Hilo halina mjadala, au lina mjadala?"

"Zamu yako ipo, shemeji," alisema Hezroni, na akainuka kwenda kuwafunga kuku.

Mwezi wa Agosti, kwa kuwa kila mmoja wao alimtaka akaione shule, alikwenda kuziona zote mbili pamoja na Eliezeri. Alikwenda kama anavyokwenda kukagua mfereji, kwa kuwa hakuwa na namna nyingine ya kukagua kitu. Kule Safina walipokewa na mwalimu wa taaluma aliyevaa tai, akawaonyesha maabara, kompyuta, na ubao wenye picha za waliopata divisheni wani. Hezroni aliuliza maji yanatoka wapi. Yalitoka kwenye kisima kirefu, yakapanda kwenye tangi juu ya mnara, yakateremka kwenye mabomba sitini, na hapakuwa na hata bomba moja lililokuwa likivuja. Alilistahi jambo hilo. Kisha mwalimu akaeleza juu ya kambi: wakati wa mapumziko mafupi wanafunzi hubaki shuleni wakirudia masomo, mwezi wa Juni huenda nyumbani siku kumi tu, na likizo kamili ni ya Desemba.

"Mtoto akishaingia hapa, mzazi unapumzika," alisema mwalimu kwa furaha.

Ebeneza ilikuwa ng'ambo ya kilima, juu ya Gonja: njia ya mkato ya saa mbili kwa miguu, kisha bodaboda. Majengo yalikuwa ya mawe, ya zamani, yenye kuvu upande wa kaskazini. Maabara ilikuwa moja, na mizani yake ilikuwa imefungwa kwa uzi. Maji yalifika kwa mfereji wa wazi, kisha kwenye mapipa, na wavulana waliyabeba kwa ndoo kwenda bwenini wakisukumana na kumwagiana. Hezroni aliona kwa jicho la kazi kwamba theluthi ya maji ilipotea njiani. Mwalimu aliyewatembeza alikuwa akiomba radhi kila walipoingia chumba kipya. Wakati wa kuondoka walikuta wanafunzi wakipakia magodoro kwenye gari. Shule ilikuwa inafungwa kwa mapumziko mafupi, na walikuwa wakipigana mieleka kwa furaha ya kwenda nyumbani.

Njiani Eliezeri alimuuliza, "Umeonaje, baba?"

"Zote ni shule," alijibu Hezroni.

Mtoto akatangulia.

Mambo yalijulikana Jumatano moja ya Oktoba. Asubuhi Raheli alituma kwa simu picha ya barua: Eliezeri anaitwa Safina kufanya mtihani wa kujiunga, Jumamosi saa tatu, na atakayekosa nafasi yake itapewa mwingine. Mchana dereva wa bodaboda alileta bahasha kutoka kwa Melkizedeki: Eliezeri anaitwa Ebeneza, Jumamosi, saa tatu. Hezroni aliziweka barua hizo mbili mezani, moja kwenye kioo cha simu na nyingine kwenye karatasi, akazisoma kwa zamu. Aliwaelewa wote wawili. Aliwapa neno, wakalichukua neno, wakafanya kazi. Kwa muda mrefu aliamini kwamba ubaya wa dunia hutoka kwa watu wanaokataa. Haikuwahi kumpitia akilini kwamba mtu anaweza kumharibia mwanawe kwa kukubali.

Hata hivyo jambo la kwanza alilofanya ni lile alilolijua. Akampigia mwalimu wa taaluma wa Safina.

"Mwalimu, naomba kuuliza. Je, mtoto anaweza kufanya nusu ya kwanza ya mtihani Jumamosi, na nusu ya pili siku nyingine?"

"Kwa nini, mzee? Anaumwa?"

"Haumwi. Ana mtihani mwingine, saa hiyohiyo, mahali pengine."

"Kwa hiyo tumkate katikati? Sisi tuchukue kichwa, wenzetu wachukue miguu?"

"Nilikuwa nafikiria zamu."

"Mzee wangu," alisema mwalimu, kwa upole ambao ulikuwa mbaya kuliko dhihaka, "hapa si bombani."

Alhamisi, saa kumi jioni, Melkizedeki alifika mwenyewe. Habari ilikuwa imemfikia kwa njia ambazo habari hupita mlimani. Eliezeri alikuwa ameketi kizingitini akipukuchua maharage ndani ya ungo.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, baba yangu. Umekula? Umesali? Vizuri." Kisha, bila kuketi: "Shemeji, ni kweli kwamba mtoto wa Careen ameandikishwa kwa wafanyabiashara?"

Kabla Hezroni hajajibu, simu iliita. Alikuwa Raheli. Akaiweka mezani na kufungua spika, kwa kuwa hakuona sababu ya kusikia peke yake jambo ambalo lilikuwa la wote.

"Hezroni, Jumamosi mtoto ashuke na gari la alfajiri, mimi nitampokea stendi."

"Hashuki na gari lolote," alinguruma Melkizedeki. "Anavuka kilima na mimi."

"Ah! Mwinjilisti upo hapo? Bwana asifiwe."

"Amina. Lakini usinilainishe. Mtoto huyu ni wa kwetu pia, na mjomba ana neno lake."

"Mjomba ana neno kwenye posa, Melkizedeki, hana neno kwenye fizikia. Hebu niambie, Ebeneza mwaka jana walitoa divisheni wani wangapi?"

"Wanne."

"Wangapi?"

"Wanne, Raheli! Wanne, na wote wana adabu."

"Safina wametoa arobaini na mmoja."

"Na hao arobaini na mmoja wanajua kufua shuka?"

"Wanafuliwa na mashine!"

"Basi na waoe mashine."

"Usinichekeshe, nina wateja hapa. Sukari kilo mbili? Ngoja, mama, nina kesi. Hezroni! Wewe Hezroni, si ulinikubalia?"

"Alinikubalia mimi," alisema Melkizedeki. "Nilileta kuku!"

Wote wawili wakamngoja, mmoja kwa macho na mwingine kwa pumzi iliyosikika kwenye simu. Hezroni aliona kwamba anatakiwa kuwa na aibu, na akaitafuta aibu hiyo ndani yake kwa uaminifu, asiipate.

"Niliwaambia zamu yenu ipo," alisema.

"Zamu!" alilia Raheli. "Huyu mtoto ni mfereji?"

"Hapo umesema kweli," alisema Melkizedeki, na hilo lilikuwa jambo la kwanza walilokubaliana tangu arusi ya Careen.

"Muulizeni mwenyewe basi," alisema Raheli. "Eliezeri! Uko hapo, mwanangu?"

"Nipo, shangazi. Shikamoo."

"Marahaba. Sema wewe. Unataka wapi?"

Eliezeri aliendelea kupukuchua. "Nitakwenda atakakosema baba."

"Mnausikia utii huo?" alisema Melkizedeki.

"Si utii, mjomba." Mtoto aliweka ungo chini. Sauti yake ilikuwa imeanza kukomaa, ikapasuka katikati ya neno, akaanza upya. "Tangu mama afariki, baba hajasema anataka kitu. Akiulizwa chai, ya maziwa au ya rangi, anasema yoyote. Akiulizwa tupande kabichi au karoti, anasema vyovyote. Mimi Safina nitasoma, na Ebeneza nitasoma. Lakini sitaki kwenda kama ile chai. Aseme yeye. Hata akikosea, aseme yeye."

Kwenye simu mteja fulani alisikika akiuliza kama sukari yenyewe ipo au haipo.

Hezroni alimtazama mwanawe. Alikuwa amesikia vizuri, na alielewa kwamba kilichokuwa mezani sasa si shule tena, au si shule peke yake. Mtoto huyu ataondoka Januari, ama akiwa ametumwa na baba yake, ama akiwa amechukuliwa na watu waliomzidi nguvu mtu asiyekuwepo. Jambo hilo lilikuwa wazi kama hesabu. Lakini kujua hakukuwa kutaka, na kutaka ndiko alikoombwa. Akajibonyeza ndani, mahali hapa na pale, kama mtu anavyoubonyeza mguu wake ili ajue uhai umerudi mpaka wapi.

Alianza na Safina. Mabomba sitini, tangi, maabara, picha za washindi. Aliamini kabisa kwamba ni shule bora; mtu aliyesoma takwimu hawezi kujidanganya mbele ya nne na arobaini na moja. Akabonyeza: hakuna kitu. Akaenda Ebeneza, mizani iliyofungwa uzi, ndoo zinazomwagika. Hakuna kitu. Akajaribu kumuuliza Careen, kama wajane wanavyodaiwa kufanya, na Careen akabaki pale alipolazwa, kando ya migomba, bila neno. Kisha, bila kukusudia, aliiona Juni. Aliona asubuhi ya Juni yenye ukungu, ng'ombe ameshakamuliwa, na ndani ya nyumba hakuna mtu wa kumuuliza kama ameshaoga. Si siku moja, bali mwezi mzima kasoro siku kumi. Haukuwa mchomo. Ulikuwa uzito mdogo tu, kama wa mtu aliyeweka mkono juu ya blanketi, lakini ulikuwa mahali fulani, na mahali palepale ulibaki alipourudia.

Na papo hapo akautilia shaka. Hivi huku ni kutaka, au ni woga wa mtu wa makamo asiyejua kuishi na ukimya? Baba wa namna gani anaipima elimu ya mwanawe kwa siku za likizo? Alikuwa amewahi kuwadharau wazee waliowazuia watoto wao kwenda shule kwa ajili ya mbuzi. Je, tofauti yake na wao ni ipi, zaidi ya shahada? Alizigeuza hoja hizo upande huu na ule, hakuona namna ya kuzitenganisha, na akagundua kwamba hata angepewa mwaka mzima asingeziona. Maharage matatu yalikuwa yamedondoka nje ya ungo. Watu walikuwa wanangoja.

"Ebeneza," alisema.

"Haleluya!" Melkizedeki alipiga kofi moja lililomshtua kuku.

"Usishangilie, shemeji." Hezroni alizungumza kama anayesoma muhtasari wa kikao. "Sikuichagua kwa sababu ya sala zao, wala kwa sababu wewe ni mjomba. Safina ni shule nzuri kuliko Ebeneza, na dada hajakosea hata kidogo. Lakini Ebeneza wanafunga shule, watoto wanarudi kwao. Nataka awe anarudi nyumbani. Hiyo ndiyo sababu, sina nyingine."

Kwenye simu sukari ilisikika ikimiminwa kwenye mizani.

"Kwa hiyo," alisema Raheli polepole, "unampunguzia mtoto bahati yake ili wewe upate wa kunywa naye chai."

"Inawezekana ndivyo ilivyo, dada."

"Na siku akija kukulaumu?"

"Atanilaumu mimi."

Raheli alivuta pumzi. Alikuwa mwanamke wa biashara, na alijua mzigo ukishapakiwa kwenye gari la mwingine haufuatwi barabarani. "Haya," alisema. "Walau sasa tunajua wa kumlaumu. Miezi yote hii tulikuwa tunamlaumu nani? Hiyo nafasi ya Safina nitampa mtoto wa jirani yangu Mwamvita, aliikosa akalia wiki nzima. Mwinjilisti, umeshinda, lakini mchunge huyo mtoto kwenye hesabu, nitauliza. Mama, sukari yako hii hapa, samahani." Simu ikakatika.

Eliezeri aliyaokota maharage yaliyodondoka, akainuka, akamuuliza baba yake kama mtihani wa hesabu unaruhusu bikari. Hezroni akasema hajui. Wakaenda kuitafuta pamoja kwenye boksi la vitabu, wakaikuta chini kabisa, yenye kutu kwenye bawaba, na Hezroni akaipaka tone la mafuta ya kupikia.

Jumamosi walivuka kilima watatu. Ukungu ulikuwa mzito, Melkizedeki akatangulia akiimba, ili wasimpoteze, alisema, ingawa njia ilikuwa moja tu. Ebeneza walikuta watoto themanini na watatu, na wazazi wamejibanza kwenye baraza ya ukumbi. Kengele ikagongwa, watoto wakaingia, milango ikafungwa. Melkizedeki alimjua kila mtu, akawa anatembea kutoka kundi hili hadi lile akitangaza kwamba mpwa wake amo ndani. Hezroni alikaa kwenye jiwe. Hakuomba, hakuwaza mambo makubwa. Aliutazama mfereji wa shule, akaona pale ambapo ukingo umelika na maji yanatorokea kwenye majani, na baada ya muda akashuka, akaokota mawe mawili na udongo wa kiganja, akaziba. Maji yakafuata njia. Akarudi kwenye jiwe akiwa na viatu vilivyolowa.

Saa saba Eliezeri alitoka.

"Ilikuwaje?"

"Hesabu sawa. Bikari haikutakiwa." Akaifuta pua. "Kiingereza kulikuwa na insha. Wameuliza kwa nini unataka kusoma shule hii."

"Ukaandika nini?"

"Niliandika baba anataka."

Hezroni alifikiri. "Hawawezi kukupa alama nyingi kwa hilo."

"Najua. Nikaongeza maabara na maadili mema."

Walikula ndizi za kuchoma alizokuja nazo Melkizedeki. Saa kumi kasoro mwalimu alitoka na karatasi, akaibandika mlangoni, na watu wakasogea kwa kusukumana. Eliezeri alikuwa wa kumi na tisa kati ya arobaini waliochukuliwa. Melkizedeki alimkumbatia mpwa wake akamwinua kutoka chini, jambo ambalo halikuwa rahisi kwa urefu ule, akamkumbatia na Hezroni, akamkumbatia na baba mmoja asiyemjua. Hezroni alisoma jina mara mbili kuhakikisha herufi zimekamilika. Kisha akasimama kando kidogo ya mlango, akangoja furaha. Alijua ilikuwa na haki ya kuja. Kila kitu kilikuwa kimeandaliwa kwa ajili yake. Wazazi wengine walikuwa wanapiga simu, mama mmoja alikuwa amekaa chini analia. Furaha haikuja, naye hakuilazimisha. Ule uzito mdogo tu ndio uliokuwepo bado, mahali palepale.

Wakamwita ofisini kutia sahihi. Mkuu wa shule, Mwalimu Devotha, alikuwa mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kamba. Alimpa pole ya Careen kwa sentensi moja, bila kuirefusha, akamwonyesha mahali pa kutia sahihi. Hezroni akatia. Mwandiko ulikuwa umenyooka.

"Una swali lolote, mzazi? Wengi wanauliza godoro la inchi ngapi."

"Mnafunga lini?"

Mwalimu Devotha alimtazama juu ya miwani. "Hatujafungua, mzee. Tunafungua Januari."

"Januari naijua. Nauliza mnafunga lini."

Alicheka, kisha akaacha kucheka. Akavuta kalenda ya mwaka ujao kutoka kwenye droo, akaikunjua, akaifuata kwa kalamu.

"Mapumziko ya kwanza ni tarehe ishirini na saba Machi."

Hezroni akaandika tarehe hiyo nyuma ya barua ya wito. Eliezeri, aliyekuwa amesimama nyuma yake, akainama kuitazama kalenda.

"Ni Ijumaa," alisema.

"Ni Ijumaa," alikubali Mwalimu Devotha, "na nakuonya mapema, siku hiyo hapa hapapitiki. Wazazi wanajaa tangu alfajiri, foleni inafika barabarani, wengine wanaondoka na watoto wao saa tisa."

Hezroni alilifikiria jambo hilo kwa makini, kalamu ikiwa bado mkononi.

"Basi mimi," alisema, "nitafika Alhamisi."